Jinsi ya kusoma fizikia ya sekondari ya juu: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Mwanafunzi aliyekuwa akifanya vizuri fizikia katika madarasa ya chini mara nyingi hushtuka anapofika ngazi ya juu. Alizoea swali linalompa namba tatu na kumtaka atafute ya nne: anasaka fomula yenye herufi hizo, anaweka namba, anapata jibu. Sasa swali linakuja na maelezo ya mistari sita, halafu linamalizia na maneno "onesha kwamba". Fomula ya kulijibu haimo kwenye kitabu chochote. Inabidi aitengeneze mwenyewe kutokana na kanuni mbili au tatu anazozijua.

Msimamo wangu ni huu, na kila hatua hapa chini inatokana nao: fizikia ya ngazi hii ina kanuni chache, na kila swali huanzia kwenye kanuni, kwa kalamu na mchoro. Anayekariri fomula mia moja atachoka haraka. Anayejua kanuni kumi na tano kwa undani, na akazoea kuziunganisha, ataingia kwenye mtihani na mzigo mwepesi zaidi.

Hatua ya kwanza: kagua hisabati yako kabla ya kugusa mada yoyote

Wengi wanaosema fizikia imewashinda, kwa kweli kilichowashinda ni aljebra. Wanaelewa kabisa kinachotokea kwa setilaiti, ila wanakwama pale v inapotakiwa kutolewa kwenye mlinganyo. Jipime kwa karatasi tupu, bila kufungua daftari. Toa v kwenye mlinganyo mv²/r = GMm/r². Gawa kani ya N 50 iliyoelekea nyuzi 30 juu ya mlalo katika sehemu yake ya mlalo na ya wima (utapata karibu N 43.3 na N 25). Chukua logi asili ya pande zote mbili za V = V₀e^(−t/RC) ili ubaki na mstari mnyoofu. Tafuta kiwango cha mabadiliko cha x = A cos ωt, mara moja kupata velositi, mara ya pili kupata mchapuko.

Ukikwama kwenye mojawapo, anzia hapo. Unachohitaji si hisabati yote: trigonometria ya pembetatu mraba, vekta, kanuni za vipeo na logi, na kalkulasi ya xⁿ, sin, cos na eˣ, yaani kutafuta mteremko wa mchirizo na eneo lililo chini yake. Usingoje mpaka mwalimu wa hisabati afike huko. Mara nyingi fizikia inazihitaji mada hizo miezi mingi kabla hazijafundishwa, na pengo hilo ndilo linalowaangusha watu mwanzoni kabisa.

Jambo moja dogo lenye madhara makubwa ni hali ya kikokotoo. Chukua x = 0.05 cos(4t), x ikiwa kwa mita, na utafute x wakati t = sekunde 0.5. Kikokotoo kikiwa kwenye radiani unapata −0.021 m. Kikiwa kwenye digrii kinakupa +0.050 m, jibu lenye ukubwa usio sahihi na upande usio sahihi, na hakuna kitu kwenye skrini kitakachokuonya. Zoea sheria hii: penye ωt tumia radiani, penye pembe ya mteremko au ya kamba iliyotolewa kwa nyuzi, tumia digrii.

Hatua ya pili: tambua maumbo yanayojirudia

Orodha ya mada hutisha ukiitazama kwa jumla: mekanika, sifa za mata, joto, mawimbi, umeme na sumaku, elektroniki, fizikia ya atomu. Lakini ukichunguza kwa makini utaona hisabati ile ile inarudi mara kwa mara ikiwa na herufi tofauti. Nikiambiwa nichague hatua moja tu ya kumpa mwanafunzi, ningempa hii.

Umbo la kwanza ni kinyume cha mraba wa umbali. Newton alichapisha kanuni yake ya mvutano mwaka 1687. Coulomb akaonesha kanuni ya kani kati ya chaji mwaka 1785. Zote mbili zinasema kani inapungua kwa r². Kwa hiyo chora jedwali la safu mbili, mvutano upande mmoja na umeme upande wa pili: kani, nguvu ya uga, potenshali, nishati. Kila mstari utafanana na mwenzake. Kisha andika chini tofauti kubwa iliyopo: masi huvutana tu, ilhali chaji huvutana au kusukumana, na ndiyo maana alama za kujumlisha na kutoa zinahitaji uangalifu zaidi kwenye umeme. Aliyeelewa mvutano vizuri anamaliza uga wa umeme kwa nusu ya muda.

Umbo la pili ni mwendo wa duara. Swali ni lile lile siku zote: ni kani gani halisi inayovuta kitu kuelekea katikati? Kwenye gari linalopinda barabara tambarare ni msuguano wa matairi. Kwenye setilaiti ni mvutano wa Dunia. Kwenye elektroni iliyoingia kwenye uga wa sumaku ni kani ya sumaku, hivyo qvB = mv²/r, na papo hapo unapata r = mv/qB. Fomula hiyo ya mwisho haihitaji kukaririwa, kwani inatengenezwa kwa mstari mmoja.

Jaribu na setilaiti zinazoonekana kusimama sehemu moja angani. Weka GMm/r² = mω²r. Kumbuka kwamba GM = gR², R ikiwa nusu kipenyo cha Dunia, na ω = 2π/T. Unapata r³ = gR²T²/4π². Ukiweka g = 9.81, R = 6.37 × 10⁶ m na T ya sekunde 86,164 (mzunguko mmoja wa Dunia ukilinganishwa na nyota), r inatoka karibu km 42,000 kutoka katikati ya Dunia, sawa na km 36,000 hivi juu ya uso wake. Ndiko ziliko kweli. Hukuhitaji kujua masi ya Dunia, wala ya setilaiti.

Umbo la tatu ni mtetemo sahili: mchapuko unaolingana na umbali kutoka katikati na kuelekea upande wa pili, a = −ω²x. Kwa springi ω² ni k/m, kwa pendulamu yenye mtikisiko mdogo ni g/l, na kwa koili iliyounganishwa na kapasita ni 1/LC. Ukiombwa uthibitishe kwamba kitu fulani kina mtetemo sahili, kazi yako yote ni kukisogeza kidogo kwa umbali x, kuandika kani inayokirudisha, na kufika kwenye umbo hilo. Ukifika hapo, T = 2π/ω inafuata yenyewe.

Umbo la nne ni kupungua kwa kiwango kinacholingana na kilichobaki. Kapasita ya µF 1000 inayotoa chaji kupitia ukinzani wa kΩ 10 ina RC ya sekunde 10: baada ya sekunde 10 imebaki na asilimia 37 ya chaji, na nusu yake ilishaondoka kwenye sekunde 6.9. Kaboni-14 ina nusumaisha (muda wa nusu yake kuoza) ya miaka 5,730. Kuna tofauti kubwa ajabu ya muda kati ya mifano hii miwili, lakini mlinganyo ni mmoja, na 0.693 inayotokea kote ni ln 2.

Kila unapoanza mada mpya, uliza kwanza: je, hili ni mojawapo ya maumbo ninayoyajua?

Hatua ya tatu: namna ya kusoma mada moja

Kabla ya kipindi, pitia mada kwa dakika ishirini tu. Tazama michoro, soma maswali ya mwisho wa sura, uone mada inataka uweze kufanya nini. Huhitaji kuelewa kila kitu; unataka tu kuingia darasani ukiwa na maswali.

Jioni ya siku ile ile, fanya kazi ambayo wengi huiruka. Funga daftari, chukua karatasi tupu, uandike upya uthibitisho wa fomula uliofundishwa, kuanzia mchoro. Kufuata mwalimu akiandika ubaoni na kutengeneza mwenyewe ni uwezo wa aina mbili, na mtihani unapima ule wa pili. Mstari utakaokwama ndio unaotakiwa kuurudia. Fungua, soma mstari huo mmoja, funga tena, endelea. Rudia siku tatu baadaye, kisha wiki mbili baadaye. Ukifika mahali unaandika uthibitisho wa shinikizo la gesi kutokana na mwendo wa molekuli bila kusita, unaijua mada hiyo.

Kuhusu vitabu: viwili vinatosha, kimoja chenye maelezo mazuri na kingine chenye maswali mengi. Rundo la notsi kutoka kwa watu mbalimbali huleta faraja ya bure tu. Kama una intaneti, PhET, mradi wa majaribio ya kuigiza ulioanzishwa na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 2002, unapatikana bure na unasaidia sana kwenye mambo yasiyoonekana kwa macho, kama uga wa umeme na uingilianaji wa mawimbi. Na mwenye simu janja anaweza kuweka programu ya phyphox, iliyotengenezwa katika chuo kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, inayosoma vihisi vya simu. Ukiining'iniza simu kama pendulamu utaona mtetemo sahili ukijichora kwenye skrini.

Hatua ya nne: kufanya swali

Hapa ndipo fizikia inapojifunzwa hasa. Nitafanya swali moja polepole ili mpangilio uonekane.

*Mpira mdogo wenye masi ya kg 0.20 umefungwa kwenye kamba yenye urefu wa m 0.80, na unazunguka kwa uhuru katika duara la wima. Una kasi ya kutosha tu kumaliza duara. Tafuta mkazo wa kamba mpira unapokuwa chini kabisa.*

Anza kwa kuchora. Michoro miwili: mpira ukiwa juu kabisa, mpira ukiwa chini kabisa. Kwenye kila mchoro weka mishale ya kani halisi tu, yaani zile unazoweza kutaja ni kitu gani kinachozisababisha. Juu kabisa zipo mbili: uzito mg unaosababishwa na Dunia, na mkazo T unaosababishwa na kamba, zote zikielekea chini. Chini kabisa zipo mbili pia: mkazo kwenda juu, uzito kwenda chini.

Wanafunzi wengi huongeza mshale wa tatu na kuuita "kani ya kuelekea katikati". Mshale huo haupo. Hakuna kitu kinachousababisha. mv²/r ni matokeo ya kujumlisha kani zilizopo, kwa hiyo inakaa upande wa pili wa mlinganyo na haichorwi kamwe kwenye mchoro wa kani. Ukiondoa kosa hili moja, nusu ya matatizo ya mwendo wa duara yanaisha.

Pili, tafsiri maneno. "Kasi ya kutosha tu" maana yake ni kwamba juu kabisa kamba iko karibu kulegea, hivyo T = 0 hapo. Maneno kama haya ndiyo yanayobeba swali: "laini" maana yake hakuna msuguano, "kutoka hali ya utulivu" maana yake velositi ya mwanzo ni sifuri, "kamba isiyovutika" maana yake vitu viwili vilivyofungwa vina mchapuko mmoja. Pigia mstari kila neno la aina hiyo na uandike pembeni linamaanisha nini kwa herufi.

Tatu, andika kanuni, kwa herufi peke yake. Juu kabisa: T + mg = mv²/r. Kwa kuwa T = 0, v² = gr. Kutoka juu hadi chini mpira unashuka kimo cha 2r, na kamba haifanyi kazi yoyote kwa sababu mkazo uko kwa pembe mraba na mwendo, hivyo nishati inahifadhiwa: ½mu² = ½mv² + mg(2r), ambapo u ni kasi ya mpira ukiwa chini kabisa. Unapata u² = gr + 4gr = 5gr. Chini kabisa: T − mg = mu²/r = 5mg. Hivyo T = 6mg.

Nne, sasa ndipo weka namba: T = 6 × 0.20 × 9.81 = N 11.8.

Tazama kilichotokea kwa sababu hatukuharakisha kuweka namba. Urefu wa kamba umepotea wenyewe. Iwe ndefu au fupi, mkazo wa chini ni mara sita ya uzito. Mtu aliyeweka 0.80 tangu mstari wa kwanza angepata N 11.8 ile ile asijue kamwe jambo hilo, na angepitia hesabu tatu za kikokotoo ambazo kila moja ni nafasi ya kukosea.

Tano, kagua. Vizio: mg ni kani, jibu ni kani, sawa. Ukubwa: uzito wa mpira ni karibu N 2, mkazo wa N 12 unaingia akilini. Kukagua vizio huokoa alama nyingi. Kama hukumbuki T ya pendulamu (hapa T ni muda wa mtikisiko mmoja, si mkazo) ni 2π√(l/g) au 2π√(g/l), angalia tu: m ikigawanywa kwa m/s² inatoa s², kipeuo chake cha pili ni sekunde. Ile nyingine inatoa "kwa sekunde", haiwezi kuwa muda. Na jibu likisema elektroni ina kasi ya 4 × 10⁹ m/s, rudi nyuma, kwa maana mwanga wenyewe unakwenda 3 × 10⁸ m/s.

Sita, badilisha swali. Hii ndiyo hatua inayomtofautisha mwanafunzi mzuri na bora. Je, kama badala ya kamba ni fimbo nyepesi? Fimbo inaweza kusukuma, kamba haiwezi. Kwa hiyo mpira unaweza kufika juu ukiwa na kasi inayokaribia sifuri, u² inakuwa 4gr, na mkazo wa chini unakuwa 5mg, yaani N 9.8. Swali moja lililobadilishwa hivi lina faida kuliko matano yaliyofanana.

Ukikwama, vumilia robo saa nzima kabla ya kutazama majibu. Wakati huo fanya kitu: chora upya, orodhesha unavyovijua, jiulize ni kitu gani hakibadiliki hapa, nishati, momenta au chaji. Ukilazimika kutazama, soma mstari mmoja tu ufunike. Na swali ulilosaidiwa halihesabiki mpaka ulifanye lote tena baada ya siku kadhaa bila msaada.

Hatua ya tano: daftari la makosa

Tenga daftari dogo. Kila ukikosa swali, andika kwa sentensi moja ni aina gani ya kosa: mchoro, kanuni, aljebra, vizio, au kutosoma swali vizuri. Baada ya wiki chache utaona mkondo. Kama makosa mengi ni ya aljebra, kusoma sura ile ile ya fizikia mara ya tatu hakutasaidia. Unahitaji mazoezi ya aljebra. Kama ni ya kanuni, huenda kuna dhana iliyokaa vibaya. Mfano unaowapata wengi: kitabu kikiwa juu ya meza, uzito wake na kani ya meza ya kukisukuma juu zinalingana, basi mtu anadhani ni jozi ya kanuni ya tatu ya Newton. Si kweli, maana zote mbili zinatenda kwenye kitabu. Mwenza wa uzito wa kitabu ni mvuto wa kitabu kwa Dunia.

Hatua ya sita: maabara

Watu huiacha maabara mpaka mwisho, na ni hasara, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo alama zake zinapatikana kwa mazoezi ya kawaida tu.

Chukua jaribio la pendulamu, ambalo kila mmoja hulidharau kwa urahisi wake. Kwa nini unahesabu mitikisiko 20 badala ya mmoja? Mkono wako unachelewa kubonyeza saa kwa kama sekunde 0.2. Kwenye mtikisiko mmoja wa sekunde 2 hilo ni kosa la asilimia 10. Kwenye mitikisiko 20, yaani sekunde 40, ni nusu asilimia. Kwa nini pembe iwe ndogo? Kwa sababu uthibitisho ulichukulia kwamba sin θ inalingana na θ: kwa nyuzi 10, θ ni radiani 0.1745 na sin θ ni 0.1736, zinapishana kwa nusu asilimia. Kwa nyuzi 40 uthibitisho huo hausimami tena. Mtahini akiuliza "eleza tahadhari ulizochukua", anataka sababu za namna hii. "Nilikuwa makini" haina alama.

Sasa grafu. T = 2π√(l/g) haitoi mstari mnyoofu, lakini T² = (4π²/g)l inatoa. Chora T² dhidi ya l. Mteremko ni 4π²/g. Ukipata mteremko wa 4.02 s²/m, g = 39.48 ÷ 4.02 = 9.82 m/s². Uzuri wa grafu unaonekana mtu anapokosea kupima. Tuseme umepima urefu wa uzi mpaka juu ya kitufe (kile kitu kizito kinachoning'inia) badala ya katikati yake, na nusu kipenyo cha kitufe ni sm 1. Ukitumia kipimo kimoja cha sm 50, g yako itapungua kwa karibu asilimia 2. Ukitumia grafu, mstari wote unasogea juu kidogo, mteremko unabaki ule ule, na g inabaki sahihi. Tena pale mstari unapokata mhimili panakuonesha kosa lilikuwa kubwa kiasi gani.

Mbinu hiyo ya kugeuza mlinganyo uwe mstari mnyoofu ifanyie mazoezi mpaka iwe tabia. Betri yenye ukinzani wa ndani: V = E − Ir, chora V dhidi ya I, mteremko ni −r. Kapasita: chora ln V dhidi ya t, mteremko ni −1/RC. Elektroni zinazotolewa na mwanga kwenye metali, jambo ambalo Einstein alilieleza mwaka 1905 na kutajwa alipopewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921: chora volteji ya kuzisimamisha dhidi ya masafa ya mwanga, mteremko ni h/e, karibu 4.14 × 10⁻¹⁵ V s.

Unapochora, tumia zaidi ya nusu ya karatasi, andika vizio kwenye mihimili, na mteremko uupate kwa pembetatu kubwa yenye ncha zilizo kwenye mstari wenyewe. Usichukue nukta zako za vipimo.

Kosa la kipimo nalo lina mantiki rahisi. Ukizidisha au kugawanya, asilimia za makosa hujumlishwa. Kitu kikiwa na kipeo, asilimia inazidishwa kwa kipeo hicho. Ukipima waya kwa maikromita na kupata kipenyo cha mm 0.46 ± 0.01, kosa ni asilimia 2.2, na eneo la mkato linabeba asilimia 4.3. Urefu wa m 0.800 ± 0.001 una kosa la asilimia 0.13 tu. Basi jitihada zako ziende kwenye kipenyo: pima sehemu kadhaa za waya, kila sehemu kwa pande mbili, na angalia kwanza kama maikromita inasoma sifuri ikifungwa.

Hatua ya saba: maswali ya maelezo

Wenye nguvu kwenye hesabu mara nyingi hupoteza alama hapa. Swali likisema "eleza kwa nini kitu kinachoanguka angani hufikia velositi isiyobadilika", jibu "kwa sababu ya ukinzani wa hewa" linapata alama moja kati ya nne. Mtahini anataka mnyororo wa sababu: mwanzoni uzito ndio kani pekee kubwa, hivyo kitu kinachapuka, velositi inapoongezeka ukinzani wa hewa unaongezeka, kani ya jumla inapungua, na mchapuko unapungua nayo, ukinzani unapolingana na uzito kani ya jumla inakuwa sifuri, mchapuko unakuwa sifuri, velositi haibadiliki tena. Kila kiungo kina alama yake. Jizoeze kwa kumweleza mwenzako kwa sauti, naye akatize kila mahali anapoona umeruka kiungo.

Kwenye fizikia ya kisasa njia hiyo inafaa zaidi, mradi uanze na jaribio. Jiulize ni kipimo gani kilichoshindikana kuelezwa kwa mawazo ya zamani. Mwanga hafifu wa masafa makubwa unatoa elektroni, mwanga mkali wa masafa madogo hautoi hata moja. Ukishika hilo, hf = φ + Eₖ (φ ni nishati ya kung'oa elektroni, Eₖ ni nishati ya mwendo inayobaki nayo) inakuwa maelezo ya kitu ulichokwisha kukiona.

Hatua ya nane: mitihani ya nyuma

Anza nayo mapema, mada kwa mada, kila unapomaliza sura. Mitihani mizima uiweke miezi ya mwisho, ukiwa umekaa na saa. Gawanya dakika kwa alama: mtihani wa dakika 180 wenye alama 100 unakupa dakika 1.8 kwa alama, hivyo swali la alama 5 halipaswi kula zaidi ya dakika 9. Likizidi, acha nafasi, songa mbele, utalirudia.

Sahihisha kwa mwongozo wa usahihishaji kama unapatikana, tena kwa ukali, kwani ukijipa alama ya huruma nyumbani hutaipata kwa mtahini. Utagundua kwamba alama hutolewa kwa kanuni iliyoandikwa wazi hata jibu la mwisho likikosewa, na ndiyo sababu nyingine ya kutoruka mistari. Utaona pia kwamba swali la "onesha kwamba" linakupa jibu bure: ukishindwa kulithibitisha, chukua namba waliyotoa uendelee na kipengele kinachofuata.

Changanya mada. Kufanya maswali ishirini ya kapasita mfululizo hukuzoesha kujua tayari ni kanuni gani itatumika, na mtihani hautakuambia. Kuanzia mwezi wa pili hivi wa masomo, kila kikao kiwe na maswali kutoka mada tatu tofauti, moja kati yake ikiwa ya zamani.

Dakika kumi za mwisho za mtihani usizitumie kusoma majibu yako kama hadithi. Pitia kwa utaratibu huu: kila jibu la namba lina kizio? Tarakimu muhimu zinalingana na zilizotolewa kwenye swali, kwa kawaida mbili au tatu? Kila kani, velositi au uga una mwelekeo ulioandikwa? Kisha fungua ukurasa wa nyuma wa karatasi ya maswali, uone kama kuna kipengele ambacho hukukiona.